Unene Uliokuwa Maji

Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu ilikuwa kushika ng'ombe. Sisemi kuwachunga, kuchunga nilimaliza nikiwa mtoto kwetu Samuye. Nasema kuwashika mnadani: unaweka kiganja nyuma ya ubavu wa mwisho, unabana ngozi kwa vidole viwili, kisha unakwenda kwenye shina la mkia, unabana tena. Hapo unajua kama ni nyama, ni mafuta, au unataka kuibiwa. Shule niliishia darasa la pili. Lakini Kagongwa nzima, mpaka Isaka, hakuna aliyewahi kuniuzia dume bovu. Nayaeleza haya ili ujue niliyefanya ujinga huu sikuwa mjinga.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa TB ya tumbo. Naitaja mapema kwa ajili ya asiyekuwa na muda wa kusoma yote. Sikukohoa hata siku moja. Kama tumbo lako linakua na makalio yanakwisha, acha kusoma, nenda hospitali. Mwenye muda aendelee.

Ilianza kiangazi cha mwaka ule wa El Nino, mvua zenyewe zikiwa bado. Tumbo lilijaa taratibu. Jioni nilikuwa nasikia joto mwilini na jasho linanitoka, nikasema ni umri. Chakula sikimalizi, nikasema mtu aliyeshiba maisha hali kama mbwa. Huku kwetu mwanamume aliyeanza na mbuzi wawili akaota tumbo, watu wanaona jasho lake limelipa. Walikuwa wananisimamisha njiani. "Baba Minza, umenawiri!" Nami nikatembea nikilitanguliza.

Mke wangu, Mama Minza, alipeleka suruali zangu kwa fundi ziongezwe kiuno. Fundi akanipima, akazunguka nyuma, akavuta nguo kwa vidole.

"Mzee, kiunoni tunaongeza. Lakini huku nyuma nguo inaning'inia. Nipunguze?"

"Shona ulichoambiwa," nikamjibu.

Mwezi wa saba binti yangu Minza akaja likizo kutoka chuo kikuu, Dar. Alikuwa anasomea elimu ya michezo, mwaka wa pili. Mwenyewe anacheza netiboli na kurusha tufe. Aliposhuka kwenye basi nilimjua kwa sauti tu. Mabega yamepanuka, shingo imejaa, mikono inang'aa kama imepakwa mafuta. Dada yangu akashika kichwa. Kulikuwa na familia moja ya Samuye yenye ng'ombe wengi iliyokuwa imeanza kumuulizia, lakini walipomwona anapakia magunia ya pamba kwenye mkokoteni peke yake, hawakurudi tena.

Nikamwita. "Nilikupeleka chuo ukasome. Sikukutuma ukafanane na dume la kukokota jembe."

Akacheka. "Baba, wewe si ndiye unayesema dume la jembe ndilo ghali?"

Nilikasirika kwa sababu ni kweli nilisema.

Alikuja na chombo cha chuma chenye taya mbili, kama koleo la sonara. Alisema mwalimu wake amewapa kazi ya kupima miili ya wanafunzi wenzao wanaocheza michezo: wakimbiaji, warusha tufe, wacheza mpira. Wanabana ngozi nyuma ya mkono, chini ya bega, juu ya nyonga na tumboni, chombo kinasema unene wa mafuta yaliyo chini ya ngozi, wanaandika kwenye daftari. Likizo ile alitakiwa kufanya mazoezi mpaka mkono wake uzoee. Kwa hiyo akatupima sote, kuanzia mama yake, shangazi yake, mpaka majirani. Watu walikuwa wanapanga foleni uani wakicheka.

"Yupo mwenzetu mmoja mrusha tufe," alisema, "mizani inamwita mnene. Ukimshika ni nyama tupu. Na yupo mwingine mwembamba, ana mafuta kuliko yule. Mizani haijui nyama, baba. Haijui mafuta, haijui maji."

"Hilo chuo kizima ndiyo wamegundua leo?" nikamwambia. "Mimi nalijua toka mama yako hajavunja ungo."

Nikavua shati nipimwe. Akaandika. Baada ya wiki tatu akanipima tena, safari hii akabana mara tatu kila mahali, na hakucheka.

"Baba, mkono umepungua. Mgongoni umepungua. Ngozi ya tumbo nayo imekuwa nyembamba, lakini tumbo limeongezeka."

"Maana yake nini?"

"Maana yake kilichomo humo ndani si mafuta. Twende hospitali."

"Ng'wanone," nikamwambia, maana yake mwanangu, "unanifundisha mimi kushika mwili?" Nikavaa shati langu. Wiki mbili hatukuongea zaidi ya shikamoo na marahaba.

Sasa nieleze chumvi. Siku ya mnada, mfanyabiashara mwenye ng'ombe aliyekonda humlambisha chumvi alfajiri, halafu humpeleka mtoni. Ng'ombe anakunywa mpaka tumbo linakaza kama ngoma. Asiyejua anaona ng'ombe kashiba na mizani inapanda. Akifika kwa mnunuzi anakojoa siku mbili, zinabaki mbavu. Mimi mwenyewe nimewalambisha sana ujanani. Ndiyo maana hakuna aliyenipata kwa mchezo huo.

Mnada mmoja wa mwezi wa tisa wakaniletea dume jeusi, tumbo hadi pembeni. Nikalishika ubavuni, nikalishika mkiani. "Mtoe huyu. Ni maji." Watu wakacheka, mwenye dume akaondoka na aibu yake. Pembeni yangu alikuwa Saidi, mwenye bucha kule Bugarama, anayewauzia nyama wachimbaji wa dhahabu. Tulikuwa tumefanya biashara miaka mingi, nikimpelekea ng'ombe hadi kwake, hanionei haya. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akanigonga tumbo kwa fimbo yake.

"Na hili je, Mzee Luhende? Nani kakulambisha wewe?"

Walicheka wote. Nami nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya zizi kama mtu anayekwenda haja. Nikapitisha mkono nyuma ya ubavu wangu wa mwisho, nikabana. Nikapeleka mkono chini ya kiuno, pale ambapo ng'ombe ana shina la mkia. Nilikuta mfupa na ngozi. Nikajaribu upande wa pili.

Ng'ombe huyu nisingemnunua.

Sikuogopa. Watu huniuliza, nawaambia sikusikia kitu, kama unavyomshika mnyama wa mtu mwingine. Nilirudi nikamaliza mnada. Nyumbani nikamwambia Minza, "Kesho twende." Hakusema, "Si nilikwambia?" Hilo namshukuru mpaka leo.

Hospitali ya Shinyanga tulikaa kwenye benchi. Hakuna kazi ngumu kama benchi. Unafika saa kumi na mbili asubuhi, unasogea makalio kwa makalio, na kama makalio huna, mbao inakula mfupa. Mama Minza alikunja kanga yake mara nne, akanisukumizia chini bila kunitazama. Nikadhani ni huruma tu. Kumbe alikuwa na neno. Miaka ile mtu akikonda watu walikuwa na jibu moja, na hawakulitaja kwa jina.

"Baba Minza, niambie kabla daktari hajaniambia. Kule Bugarama ulikuwa unalala wapi?"

"Kwa Saidi."

"Kwa Saidi kuna nani?"

"Kuna Saidi."

Akatazama ukutani. "Nitaamini karatasi ikija."

Damu ikachukuliwa. Daktari, kijana mdogo, akachoma sindano tumboni na kufunga mpira, maji yakaanza kutoka. Rangi yake kama mkojo wa asubuhi. Ndoo ikajaa, wakaleta nyingine. Nililala nikitazama tumbo langu linavyoshuka, sifa zote za Kagongwa zikiingia ndooni. Lilipokwisha nikajiona nilivyo. Magoti yalikuwa makubwa kuliko mapaja.

Daktari akaniuliza kama nakunywa maziwa mabichi. Nikamwambia nayanywa kutoka kwenye chuchu, yangali na joto, na sijawahi kuyachemsha kwa sababu mimi si Mzungu. Akaandika.

Karatasi ya damu ilichukua wiki tatu. Wiki tatu hizo Mama Minza aliniletea uji, akaniosha, akanigeuza, na hakuniita jina. Ilipokuja ikasema sina. Akaisoma mwenyewe, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Hakuomba radhi, nami sikuitaka. Kesho yake uji ulikuwa na sukari.

Sindano za TB zilikuwa kila siku kwa miezi miwili, na vidonge vya kumeza mbele ya muuguzi. Mkojo ukawa mwekundu kama chai ya rangi. Masikio yakavuma. Sista Anjela, mwenye zamu ya asubuhi, alikuwa anatafuta mahali pa kunichoma kama mtu anayetafuta shilingi gizani. "Jana tulichoma wapi, Mzee? Leo twende jirani." Kwanza aliweka kiganja chake pale mpaka papate joto, ndipo achome. Wengine hawakufanya hivyo. Mtu akikuuguza, kumbuka vitu kama hivyo. Dawa ni zile zile kwa wote.

Wodini nilikuwa siwezi kusimama. Minza ndiye aliyekuwa ananibeba. Hakuniburuta kama walivyofanya wengine. Alipiga goti, akaingiza bega chini ya kwapa langu, akainuka nami mara moja, kama vile tulikuwa tumepatana. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa Kizinza, akaniuliza kama yule ni askari magereza.

"Ni mwanangu."

"Wa kiume anavaa gauni?"

"Wa kike. Anasoma chuo kikuu."

"Anasomea nini?"

Nikafikiri. "Anasomea hivyo unavyoona."

Minza akacheka mpaka akaniweka chini. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka likizo ile. Chuo kilikuwa kimefunguliwa, na mvua zilikuwa zimeanza. Alitaka kuahirisha mwaka. Mama yake akataka hivyo hivyo. Nikamwambia, "Nenda. Ukikaa hapa nitajua mmekata tamaa." Alisimama mlangoni. Nilipaswa kusema neno jingine. Nililitafuta, sikulikuta, nikageukia ukuta.

Mvua ile hamtaisahau. Madaraja yalikwenda, reli ikakatika, wodini tuliweka vyombo chini ya matone. Nilihesabu sindano, sikuhesabu siku. Ya sitini ilipoisha wakaniruhusu nirudi nyumbani na vidonge vya mwezi, niwe narudi Kahama kliniki kila mwezi kuchukua vingine. Miezi sita.

Minza akaandika barua kwa mama yake. Alitaka kila mwisho wa mwezi achukue uzi, auzungushe mkono wangu wa kushoto katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umening'inia, akate pale uzi unapokutana, autie kwenye bahasha. Yeye ataupima kwa rula huko. Tulifanya hivyo. Uzi wa kushonea magunia. Wa kwanza ulikuwa mfupi hata nikadhani Mama Minza amekosea. Wa pili ukaongezeka unene wa punje ya mtama. Kaka yangu mdogo, Masanja, alituona tunafunga bahasha yenye kipande cha uzi, akauliza tunamroga nani.

Mwezi wa tatu wa vidonge nyayo zilianza kufa ganzi. Nilikanyaga kaa la moto jikoni nikajua kwa harufu. Masanja akatazama lile jeraha, akatikisa kichwa.

"Kaka, ugonjwa ulikuwa tumboni. Dawa zimeuhamishia miguuni. Ukiendelea zitaufikisha moyoni."

Sisemi ni yeye aliyenidanganya. Mimi sidanganywi. Nilikuwa nimechoka kumeza, na ndani yangu hapakuwa na kitu kinachotaka kupona wala kufa. Asubuhi nilikuwa nachukua vidonge, naweka mdomoni, nakunywa maji, natoka nje, navitema, naviingiza kwenye mfuko wa koti la mvua. Jua lilipotua lile joto likaanza kurudi. Nilijua maana yake.

Mwisho wa mwezi nikamwambia Mama Minza uzi nitaupima mwenyewe. Niliuzungusha, ukakutana mapema. Nikakata vidole viwili mbele. Mtu ambaye mnada mzima haukuweza kumuuzia maji, nilikaa kitandani kwangu nikimuuzia maji mtoto wangu kwa kipande cha uzi.

Jibu lilikuja baada ya wiki moja na nusu. Mama Minza alilisoma kwa sauti, amesimama, mimi nikila.

"Mama, shikamoo. Huku tu wazima. Uzi wa mwezi huu umelambishwa chumvi. Hata wenzangu wanaobeba vyuma kila siku mkono haukui hivi kwa mwezi mmoja. Baba hamezi dawa. Muulize ziko wapi. Akikataa kusema, mpige, sasa hivi unamweza."

Akashusha karatasi. "Ziko wapi?"

"Koti la mvua."

Alizimwaga mezani, akazipanga moja moja. Siku kumi na tisa. Nilingoja apige kelele. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mikono mapajani.

"Mimi nimekaa benchi na wewe nikidhani umeniletea kifo," akasema. "Nikakaa. Sasa kifo unakitafuta mwenyewe kwa mkono wako. Kama unataka kufa, sema, nijue. Nisiwe napika uji wa bure."

Nilifungua mdomo. Ndipo nikagundua kwamba sina jibu la ndiyo. Sikuwa nalo lile la kuishi pia, lakini la ndiyo halikuwepo. Kwa mtu aliyekuwa kama nilivyokuwa mimi, lilitosha kuanzia hapo.

Tukaenda Kahama. Muuguzi wa kliniki alinisema mbele ya watu wote, nikiwa nimesimama kama mtoto aliyeiba karanga. Kisha akauliza kwa nini niliacha. Nikamwonyesha nyayo.

"Kwa ajili ya hii tu?" Akafungua kopo, akanipa vidonge vidogo vya vitamini. "Miguu nayo ina dawa yake, Mzee. Ungesema."

Hilo neno lichukue wewe unayesoma. Ungesema. Mimi kwa kutosema niliongezewa mwezi mzima wa dawa, na ningeweza kuongezewa jeneza.

Tangu siku ile nilimeza mbele ya Mama Minza. "Fungua. Inua ulimi. Geuka kwenye mwanga." Ananikagua meno kama ananinunua. Masanja alipokuja na maneno yake ya moyo, akamwambia, "Shemeji, kaa, nawe nikutazame mdomoni." Hakurudi mpaka pamba ilipoanza kufunguka.

Nyuzi zikaendelea kwenda Dar. Wa mwezi wa nne, wa tano, wa sita, na wa ule mwezi wa nyongeza. Sikuzigusa tena. Minza hakuandika kama ni ndefu au fupi, alisema tu zimefika.

Nilimaliza dawa wakati wa kuuza pamba. Daktari wa Kahama alinipapasa tumbo, akanigonga gonga, akasikiliza. Akachukua kadi yangu, akapiga mstari chini. "Umemaliza, Mzee. Umepona." Nilisema asante. Nje nilisimama kidogo nikingoja furaha inifikie. Watu wanasema huja. Mimi nilipanda gari la Kagongwa.

Mwili haukurudi ulivyokuwa. Suruali nimezipunguza, na fundi hakuniuliza kitu. Mnadani wapo ambao hawakunijua. Minza alikuja baada ya wiki tatu, na kilichotokea siku hiyo ni chake, akitaka ataandika mwenyewe, ana shule ya kutosha.

Mimi nasema ya siku niliyotoka Kahama. Mama Minza alikuwa anapepeta mahindi.

"Kasemaje?"

"Nimemaliza."

"Ndiyo basi?"

"Basi."

Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. Kisha akachota maji ya moto, akayachanganya, akaniwekea bafuni kwenye ua wa mabua nyuma ya nyumba. Nilitangulia, nikamzuia kwa mkono, maana tangu wodini yeye ndiye aliyekuwa ananiogesha. "Leo peke yangu." Akaniachia taulo.

Nikavua. Nikachuchumaa mwenyewe, nikajimwagia kopo la kwanza. Nikasikia sauti yake upande wa pili wa mabua.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka."

Nikajipaka sabuni.

"Na sasa?"

"Mama Minza, nenda kapike."

"Nimekwenda."

Miguu yake niliiona chini ya mabua, imesimama palepale. Nikachota maji nusu kopo, nikayamwaga taratibu, kisha nusu nyingine, yasije yakaisha haraka.